Matawi Yaliyoning'inia

Ndugu zangu walipomaliza Krismasi na kurudi Dar es Salaam na Arusha, nyumba yetu ya Kirua Vunjo ilibaki na Baba peke yake, pamoja na ndoo zangu saba za rangi. Mwaka juzi nilizitoboa chini, nikasimika nguzo katika kila moja na kupanda dragoni, mmea wa miiba unaozaa matunda mekundu. Siku za kazi nilikuwa Moshi mjini, nikijitolea kwenye duka la pembejeo. Kila Jumamosi nilipanda mlimani kumwona.

Mwishoni mwa Januari nilipata kazi Tunduru, kusini kabisa mwa nchi, kwenye mradi wa korosho. Walitaka jibu ndani ya siku kumi.

"Dragoni zikizaa msimu huu, siendi," nilimwambia Baba. "Narudi hapa tulime wote."

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshahesabu matumba kumi na mawili ya maua. Nilitaka ayaone mwenyewe yakifunguka.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta uani, mkasi wa kahawa mkononi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, bibi shamba! Njoo uone kazi ya mzee."

Nguzo saba zilisimama na mashina matupu. Matawi yote yalikuwa yamelundikwa kando.

"Yalikuwa yananing'inia hadi chini, yanakula nguvu bure," alisema. "Na maotea, hivi vichipukizi vya bure, nimeyatoa. Sasa zitazaa, hutakwenda kokote. Miaka arobaini nakata kahawa, mama."

Niliokota tawi moja. Pembeni lilikuwa na kitu cha kijani, kinene kama kidole gumba.

"Baba, hili si otea. Ni ua."

"Ua gani la kijani? Ua la kahawa jeupe." Akalichukua, akalipasua kwa ukucha. Ndani kulikuwa na weupe. Akaligeukia lundo la matawi. "Yalikuwa mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

Kahawa hukatwa matawi yanayolala chini. Dragoni huzaa kwenye matawi hayo hayo. Nilisoma kilimo miaka mitatu, nisimweleze hilo mtu aliyezimwagilia kila asubuhi.

"Nitabaki hivyo hivyo," nilisema.

"Kwa kunihurumia? Mimi si mgonjwa. Ulisema zikizaa. Nenda Tunduru, na wewe ukaharibu korosho za watu." Alicheka. Mimi sikuweza.

Tuliyabeba matawi hadi kivulini. Nilimwonyesha namna ya kuyaacha wiki nzima majeraha yakauke, kisha ayapande kwenye ndoo mpya. Yangezaa baada ya mwaka mmoja au miwili. Nikachukua kalamu nene, nikaandika kwenye kila ndoo: YANAYONING'INIA USIKATE.

Baba alinifuata akisoma kwa sauti, ndoo baada ya ndoo. Kwenye ya saba akasimama.

"Na siku ya kurudi, unaandika wapi?"

"Desemba nitakuja, Baba."

"Desemba wanakuja wote. Mimi nauliza huko katikati."

Sikujua Tunduru wangenipa likizo lini. Niliandika JUNI kwenye hiyo ya saba, kwa herufi ndogo kuliko zile nyingine.

Baba aliinama, akaikumbatia ndoo ile pamoja na nguzo yake, akaiburuta taratibu hadi kando ya kiti chake cha barazani.