Monita ya Maman Nsimire

Mara ya tatu Maman Nsimire alipoleta monita yake, aliishusha kwenye pikipiki na kuiweka juu ya meza ya Harelimana bila salamu.

Harelimana alikuwa fundi wa redio na televisheni pale Kamembe, kando ya njia inayopanda sokoni, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na sita. Maman Nsimire alikuwa mwanamke wa Bukavu. Kila asubuhi alivuka mpaka kuja kufungua sekretaria yake, chumba kimoja chenye kompyuta moja, ambamo aliwaandikia watu barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi na matangazo ya misiba. Mwaka ule, 2005, monita yake, mojawapo ya zile nene zenye mgongo mrefu, ilianza kubana picha katikati, kama mtu aliyekazwa mkanda kiunoni.

"Fundi, iko napinda tu," alisema. "Nilikuambia mara ya kwanza, nikakuambia mara ya pili. Nikiandika mustari, unapanda kama njia ya Mururu. Kichwa kinaniuma."

Harelimana aliiunganisha na kompyuta yake ya kazini, akafungua picha ya miraba aliyoitumia kupimia. Akafumba jicho la kushoto, kama seremala anayekagua ubao. Ndivyo alivyopima kila kitu tangu ujana wake.

"Imenyooka hii, Maman."

"Imenyooka wapi?"

Mbele ya duka palikuwa na watu wakisubiri pikipiki za kwenda Gashonga. Waligeuka kutazama. Harelimana akahisi masikio yanapata moto.

"Maman Nsimire," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "mashine ni nzima. Yaliyopinda ni macho yako. Rudi kwenu Bukavu ukanunue miwani, usinipotezee siku."

Watu wakacheka. Maman Nsimire aliwaangalia, kisha akamwangalia yeye.

"Basi itabaki hapa," alisema, "mpaka utakapoiangalia kama fundi." Akaondoka.

Nasiba, mke wa Harelimana, alikuwa na cherehani yake mlangoni mwa duka hilohilo. Yeye hakucheka. Alimaliza pindo la gauni alilokuwa akishona, akainuka, akasimama mbele ya monita.

"Papa Zuhura, imepinda."

"Hata wewe?"

"Mimi nashona nguo. Kitu kilichopinda nakijua."

"Cherehani na umeme si kitu kimoja."

Nasiba alivuta uzi mweusi kiasi cha mkono mmoja, akaunyoosha kwa mikono miwili mbele ya kioo, sambamba na mstari mmoja wa ile miraba. "Haya, angalia. Uzi wangu huu, mstari wako ule."

Harelimana akafumba jicho la kushoto. Mstari wa kwenye kioo ulikuwa umenyooka. Uzi ndio ulikuwa umeota kitumbo katikati.

"Ukaze."

"Nimeukaza."

"Umelegea, Nasiba. Ukaze!"

"Nikiuvuta zaidi utakatika."

Harelimana akafumba jicho la kulia, akafumbua la kushoto. Uzi ukanyooka, na mistari ya kwenye kioo ikabetuka yote, kama mbao zilizonyeshewa mvua. Akabadilisha tena. Akageuka kutazama mwimo wa mlango, kwanza kwa jicho hili, halafu kwa lile. Kisha akavuta kigoda, akaketi.

Mara ya kwanza alikuwa ameitengeneza vizuri. Ndani aliona risasi ya kulehemu imepasuka pale nyaya zinaposhikana, akaichoma upya, na picha ikafunguka. Angeishia hapo, Maman Nsimire asingerudi. Lakini alichukua bisibisi ndogo akaanza kuzungusha skrubu za kunyooshea picha, ili aondoe mpindo ambao haukuwamo. Mara ya pili akazungusha tena.

"Tangu lini?" Nasiba aliuliza.

"Sijui."

Alijua. Tangu Ramadhani iliyopita, maneno ya gazeti yalikuwa yakimezwa katikati ya ukurasa. Alisema moyoni ni moshi wa risasi, akanunua dawa ya matone, na hakumwambia mtu.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi alitoka kwenda kwa Maman Nsimire. Alipofika mlangoni alimwona ndani, ameinamia meza, akiandika barua ya mtu kwa kalamu. Miguu yake ikaendelea kutembea. Alinunua mkate ambao hawakuuhitaji, akarudi nyumbani kwa njia nyingine. Jumapili sekretaria ilikuwa imefungwa, naye akamshukuru Mungu, kisha akaona aibu kwa shukrani hiyo.

Jumatatu aliingia. Wateja wawili walikuwa wameketi kwenye benchi.

"Maman Nsimire, macho yaliyopinda ni yangu. Jicho la kulia ni bovu. Mashine yako niliiharibu mimi."

Maman Nsimire aliweka kalamu chini. "Ulijua siku gani?"

Angeweza kusema asubuhi ile. "Ijumaa. Ulipoondoka tu."

"Jumamosi nilikuona unapita."

Harelimana alitazama kalamu iliyolala mezani.

"Nilibeba karatasi za batu mpaka nyumbani," Maman Nsimire alisema. "Nimeandika mpaka vidole vimevimba."

"Nisamehe."

"Ulinitukana kule inje, batu bakacheka. Unaniomba musamaha humu ndani. Nani atasikia?"

Wakatoka pamoja mpaka mbele ya duka la fundi. Harelimana akawaambia waliokuwa wakisubiri pikipiki kwamba Ijumaa alimtukana mama huyu bure, kwamba yeye ndiye asiyeona. Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi arudie. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliuliza ni mama yupi. Wa Ijumaa walikuwa watu wengine.

Mchana huo Nasiba alishika bisibisi. Harelimana alimwonyesha pa kutogusa kabisa, kisha akamtajia skrubu moja baada ya nyingine, naye Maman Nsimire akawa anasema bado, bado, hapo. Monita ikarudi kazini. Harelimana alikwenda hospitali, na daktari wa macho akamwambia la kulia halitarudi kama zamani, alitunze la kushoto.

Lakini usingizi haukumjia vizuri. Alikuwa akihesabu televisheni alizonyoosha tangu Ramadhani ile. Zilikuwa tisa. Hakuna hata mwenye moja aliyerudi kulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Yeye na Nasiba wakaamua kuzifuata majumbani, wakaanza na ya Mukankusi, mjane wa Mururu. Aliwapokea vizuri, akawasha televisheni. Msomaji wa habari alitokea na shavu moja limevutwa mpaka karibu na pembe ya kioo.

"Imekuwa hivi tangu lini?" Nasiba aliuliza.

"Tangu Mzee aliponitengenezea."

"Na hukurudi?"

"Nirudi kwa nini?" Mukankusi alishangaa. "Yeye mwenyewe aliniambia imenyooka. Nikawaambia batoto, macho yetu hayajazoea, tutazoea tu." Akacheka kidogo. "Na kweli, tumezoea."

Harelimana aliomba kiti. Nasiba alikuwa ameshafungua mkoba wa vifaa.