Wachota Maji wa Gerezani

Bi Sitara alikuwa uani kwake Kariakoo akikuna nazi, mchota maji alipoingia na mzega begani, debe huku na debe kule.

"Umechelewa, Mnyamwezi. Ulipitia Tabora kwanza?"

"Nilidhani Wazaramo leo mna ngoma, mtani. Siku ya ngoma hamuogi."

Bi Sitara akacheka, macho kwenye nazi. Miaka saba walitaniana hivyo, na miaka saba hakuwahi kuyainua kumtazama.

Tangu mfungo wa Ramadhani wachota maji wote wa Gerezani walikuwa na uso mmoja. Paji lile lile, kovu lile lile juu ya jicho, hata sauti. Uliwaingia taratibu, kama kutu inavyoingia debe. Hakuna aliyeuliza. Watu wa bara, majirani walisema, si ndivyo walivyo siku zote? Kitendawili: wako kumi na mmoja, ukimwona mmoja umewaona wote. Zamani jibu lilikuwa mayai.

Mwezi uliofuata Hamud, mwenye duka la nguo, aliibiwa robota la kanga alfajiri. Alisema amemwona mwizi usoni kabisa. Akaueleza uso wenyewe, kovu na yote, na askari wakawakamata wote kumi na mmoja. Asiye na mdhamini angepandishwa gari moshi, akavunje mawe ya reli miaka mitatu.

Alfajiri ile ile mtani alikuwa kwa Bi Sitara, akichota maji ya kumwoshea marehemu dada yake bibi. Basi bibi akajitanda kanga akaenda kituoni. Mzungu aliyekaa mezani akamwuliza kwa nini amerudi tena, maana ametoka sasa hivi. Bi Sitara hakuwahi kufika pale maishani mwake.

"Nimekuja kumdhamini mtani wangu," akasema.

"Anaitwa nani?" askari Mrisho akauliza.

"Sisi twamwita Maji."

"Maji, toka mbele."

Wakatoka wote kumi na mmoja. Kila nyumba ilimwita wake hivyo hivyo.

Ndipo Bi Sitara akawatazama. Akaanza mwanzo wa mstari, akafika mwisho, akarudi.

"Ni mimi, Bibi, wa maji ya msiba," akasema wa nne. Wa saba naye akasema hivyo, na wa tisa. Wala hawakuwa waongo. Kila nyumba ilikuwa na msiba wake.

"Chagua, mama," akasema Mrisho. "Gari moshi halingoji."

Akamwonyesha wa saba. Wa nne akainamisha kichwa. Jioni gari moshi likaondoka na kumi.

Kesho yake mzega ukaingia uani kama kawaida.

"Umechelewa, Mnyamwezi," akasema Bi Sitara.

Yule mtu akatua madebe. Akatazama jikoni, akatazama chooni, akatazama milango ya wapangaji.

"Bibi," akasema kwa sauti ile ile, "kwako maji humiminwa wapi?"

Bi Sitara akamwonyesha mlango kwa mkono.

"Mtungi uko nyuma ya mlango, Maji," akamwambia. "Taratibu, usimwage."