Mama Pacha na Baiskeli ya Idara

Mama Pacha, msoma mita wa idara ya maji, alifikisha miaka arobaini na mitatu hajawahi kupanda baiskeli. Alipoongezewa mitaa miwili, idara ikampa baiskeli na wiki tatu za kujifunza.

Mumewe akajitwika ualimu. Jioni ya kwanza alimshikia kiti kwa nyuma, wakakimbia uwanjani. "Nimekushika, mke wangu. Wewe kanyaga tu!"

Kumbe alishaachia zamani. Mama Pacha aligeuka, akamwona kule mbali kasimama na rafiki zake, mikono mfukoni, wanacheka. Akauvaa ukuta. Goti likachunika, gauni likapasuka mbele za watu.

"Ndivyo watu wanavyojifunza," mume akasema, akipangusa machozi ya kicheko.

Siku ya pili akaapa hataachia. Akaachia.

Siku ya tatu Mama Pacha hakungoja kiapo. "Gusa tena baiskeli hii, utanitambua!"

Akaikokota mpaka kwa fundi baiskeli wa pale kona. Fundi aliliona goti, hakuuliza. Alikishusha kiti hadi nyayo zote mbili za Mama Pacha zikakaa chini, kisha akazifungua pedali.

"Sukuma kwa miguu, kama unatembea. Ikiyumba, weka mguu chini. Hapa hakuna wa kukuachia, mama."

Kila asubuhi kabla ya kazi alizunguka yadi ya idara, kauma meno, kila msukumo akikisikia kile kicheko. Akaanza kuinua miguu kidogo. Halafu kidogo zaidi. Siku ya tisa aliteleza yadi nzima bila kugusa chini, na mwili ukatulia wenyewe. Pedali zikarudishwa. Hofu ilikuwa imemtoka, hasira haikubanduka.

Wiki iliyofuata akapita mbele ya kinyozi, mita zake zikimsubiri. Mumewe, povu kidevuni, akapaza sauti: "Mwanafunzi wangu huyo!"

Akafunga breki, akaweka mguu chini. "Mwalimu wangu ni fundi. Wewe ulinifundisha kuanguka."

Kinyozi alicheka peke yake.

Nyumbani mume alinuna. "Umenivunjia heshima mbele za watu."

"Na mimi uliponiangusha, walikuwa mbuzi?"

Siku mbili baadaye mume aliomba radhi, nusunusu, macho mlangoni. Mama Pacha akamwambia amesikia. Kusamehe, bado.