Cherehani Inayojua Kwake

Asubuhi hiyo, katika komini ya Tshopo, Kahambu alikuwa anakaanga mikate nyuma ya nyumba pale gunia la unga lilipompita, likakata kona ya choo na kushika njia ya mjini. Hakulikimbilia. Mafuta yalikuwa yameshachemka, na gunia lenyewe halikuwa na haraka.

Jana yake tribinali ilikuwa imetangaza kwamba mume wake, Papa Mumbere, amefilisika. Mashua yake ya mizigo ilizama karibu na Barumbu ikiwa imejaa chumvi, na chumvi ya mtoni nani ataiokota? Tangu hukumu isomwe, vitu vya nyumba vilikuwa vinakwenda kwa wenyewe. Firiji ilielekea benki. Viti vya plastiki vilifuatana hadi kwa jirani aliyeviazimisha siku ya matanga akavisahau. Papa Mumbere alikuwa ameketi kwenye sementi, maana hapakubaki pengine pa kukaa.

Akafika Maître Néhémie, wakili aliyekabidhiwa na tribinali mali yote ya Mumbere. Aliliachia kabati lipite mlangoni kwa adabu, kisha akaomba maji ya kunywa.

Kahambu ni mwanamke wa kuuliza, na maneno ya tribinali yalikuwa yanamwasha tangu jana.

"Maître, faillite ni kusema nini?"

"Ni kusema bwana yako hana tena namna ya kulipa madeni. Donc hawezi tena kuuzisha wala kupeana kitu. Mimi njo syndic: nakusanya vitu, nauzisha, nalipa wadai."

"Wote sawasawa?"

"Hapana, Mama. Benki, bwana yako alikuwa ameiwekea vitu rehani. Ile inalipwa mbele. Wengine watagawana yenye inabakia."

"Na kama hakuna yenye inabakia?"

"Bon, watagawana ile hakuna."

Kahambu akacheka kidogo. Halafu akauliza lile lililomnyima usingizi.

"Na vyenye iko vyangu mimi?"

Kabla hajajibiwa, cherehani ikatoka chumbani kwa miguu yake ya chuma, ikampita syndic, ikampita Papa Mumbere, ikaja kusimama ubavuni mwa Kahambu. Aliinunua kwa zamu yake ya likelemba, ule mchango ambao wanawake wa soko hupokezana. Hata chumvi ilipokuwa inauzika vizuri, cherehani hiyo ndiyo iliyowalisha watoto.

Maître Néhémie akavua miwani.

"Nimeona, Mama. Iko yako."

"Basi?"

"Basi facture iko na jina ya nani?"

Risiti ilikuwa na jina la Mumbere. Siku ya kununua, muuzaji aliuliza aandike nani, na Kahambu akataja mume, kama walivyofanya mama yake na shangazi zake wote. Mke wa watu kuandikisha jina lake dukani ilikuwa kama kutangaza kwamba hana bwana.

"Kutembea kwa mashini si preuve," alisema Maître, na kweli alihuzunika. "Karatasi njo preuve, njo inashuhudia."

"Mimi mwenyewe nasema iko yake," Papa Mumbere akasema kutoka pale chini.

"Wewe, Papa, hausikilizwe tena juu ya vitu. Ile njo faillite yenyewe."

"Aa," akasema Kahambu. Hilo nalo akalielewa. Akaenda kugeuza mikate isiungue.

Cherehani ilinunuliwa na Julie, fundi wa nguo karibu na soko. Kila alasiri inatoka dukani kwake na kurudi kwa Kahambu, na Kahambu anashona sare za shule haraka haraka. Julie anajua, wala hana ubaya. Amesema tu kwamba siku ikilala huko, ataita polisi.

Kwa hiyo kabla ya giza Kahambu anaita toleka, wanaifunga cherehani nyuma ya baiskeli, na yeye anatembea kando yake. Nauli analipa mwenyewe. Mwendesha baiskeli, mgeni katika mtaa, alimuuliza juzi:

"Mama, mashini hii iko ya nani?"

"Iko ya Julie," alijibu Kahambu, ameishika kwa mikono miwili isije ikashuka.