Shingo ya Usukani wa Ermanno

Siku ya tatu fundi Tarcisio alimimina tena mafuta kwenye baiskeli ya marehemu, akagonga boliti kwa nyundo ya mpira, akavuta kwa nguvu zote za mzee wa miaka sabini na sita. Shingo ya usukani haikutikisika. Kile kipande cha alumini, kinachozama ndani ya uma wa mbele na kuushika usukani, kilikuwa kimegandana na chuma. Jasho la Ermanno lilichuruzika humo miaka arobaini, likaacha chumvi yake.

"Basi kata," alisema Piera, mjane wa Ermanno, aliyekaa karibu na jiliwa lililobana baiskeli, bila kuvua koti.

Ilikuwa Alhamisi. Jumapili waendesha baiskeli wa bonde zima wangepanda hadi kanisa dogo la mlimani, kama kila mwezi wa Machi, majina ya wenzao waliokufa mwaka huo yasomwe. Baiskeli ya marehemu sharti ifike kwa magurudumu yake, ikiendeshwa na mtu wa nyumbani kwake. Ikipakiwa kwenye gari, jina halisomwi. Ermanno hakuacha mtoto. Alimwacha Piera, miaka sabini, mwenye miguu mirefu ya kuimudu baiskeli ile na mikono isiyoufikia usukani wake.

"Hii siikati, shemeji. Nitakusogezea kiti mbele."

"Nikae juu ya usukani kabisa, kama kuku?"

Tarcisio hakucheka. Ubavuni mwa shingo ile, miaka arobaini nyuma, alikuwa amechonga jina la Ermanno, herufi kwa herufi, akazijaza rangi nyekundu. Enzi hizo kila fundi wa Bergamo aliwachongea waendeshaji wake majina, na hakuna aliyemfikia yeye. Ilikuwa kazi aliyojivunia kuliko zote. Ndani yake mlikuwa pia na kosa ambalo hakuwahi kumwambia mtu, na shingo ikikatwa asingepata tena pa kulisemea.

Piera aliinuka, akavuta droo ya shingo za zamani, akatoa moja inayong'aa. "Hii nzuri."

"Ya Kifaransa hiyo. Nyembamba kwa unywele mmoja tu. Ukiteremka mlima, gurudumu litakwenda mtoni na usukani utakwenda Milano."

"Na hii?"

"Mdomo wake mpana. Usukani wetu utachezacheza humo."

"Hii je?" Ilikuwa fupi, sentimita tisa, imefifia na kukwaruzika.

Tarcisio aliipima unene, akatafuta kasoro kwa bidii, akaikosa. "Hiyo inafaa," alisema kwa shingo upande.

"Sasa unangoja nini?"

Tarcisio aliketi.

"Piera, hii yake ina sentimita kumi na tatu. Nilichonga kwanza, nikapima baadaye. Nilitaka kumshangaza. Alipoweka kiwiko kwenye ncha ya kiti na kunyoosha vidole, vilipaswa kuugusa usukani. Vilibaki mbali, upana wa vidole vitatu. Nikaona jina limeshachongwa, nikamwambia wanaume hasa hujinyoosha. Ule mgongo uliomtesa maisha yake yote, ni mimi."

Wanaume wa bonde lile walikuwa na majivuno ya kijinga namna hiyo. Usukani ukiwa mbali na chini, mtu alijiona bingwa, hata akishuka kwenye baiskeli kwa kushikwa mkono.

Piera aliifunga droo.

"Alijua."

"Alijua nini?"

"Alirudi jioni ile ile akaniambia, Tarcisio kakosea kipimo. Nikamwambia mrudishie, wewe! Akasema, ungemwona alivyokuwa anaifuta kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Akavua shati, nikamkanda. Nimemkanda miaka arobaini, shemeji. Kata."

Fundi alijifunika uso kwa mikono yenye grisi, akalia kwa sauti. Piera hakumbembeleza. Alimfungulia kabati, akamtolea msumeno wa chuma, akauweka mapajani mwake.

Tarcisio alikata mchana kutwa, polepole, asiudhuru uma. Ndani alikuta unga mweupe, akausugua wote mpaka chuma kikawa safi, akafunga ile shingo ya sentimita tisa.

Jumamosi asubuhi Piera alipanda baiskeli mbele ya karakana, akaenda hadi kwenye duka la mikate, akarudi amenyooka vizuri, mashavu mekundu kwa baridi. Alishuka bila msaada.

"Panauma wapi?" aliuliza Tarcisio.

"Hapaumi."

"Piera."

"Mabega," alisema. "Kidogo tu. Nitazoea."

"Hutazoea," alisema fundi, akamshika mkono na kumkalisha. Akailegeza boliti, akaitoa ile shingo, akarudi kwenye droo kutafuta ya sentimita nane.