Mbegu ya Mama Wanja

Mwaka wa 1996 maziwa lala ya chama chetu cha wafugaji pale Naro Moru yalianza kuwa machungu, na watu wakianza kutafuta mchawi hawakosi kumpata. Maziwa ya tangi letu yaligandishwa na mbegu ya Gladwell, Mama Wanja kama tulivyomwita: kikombe cha lala ya jana kinachotiwa kwenye maziwa ya leo. Mbegu hiyo aliachiwa na mama mkwe wake, naye aliilisha maziwa kibuyuni miaka yote ya ndoa yake.

Akaletwa Daktari Nderitu, kijana wa hapa hapa aliyesomea vijidudu. Mpole, ila alizungumza kama anayetuma telegramu. Kila asubuhi alichota maziwa, akahesabu vijidudu na kuziingiza hesabu kwenye kompyuta iliyojaza meza nzima ya ofisi. Mwishowe tukaitwa mkutanoni.

"Kuna vijidudu vya uchungu," akasema, "na kuna vya mbegu ya Mama Wanja. Vinafuatana."

Akaketi. Basi! Alimaanisha tu kwamba hivi vikiwa vingi, na vile huwa vingi. Lakini mwambie mtu wa kwetu kwamba fulani anafuatana na mwizi, uone kama atauliza swali la pili.

"Mmesikia?" Mwenyekiti Gicheru akasimama. "Ukifuatana na mwizi, wewe pia ni mwizi. Hiyo mbegu imwagwe, hata ile iko nyumbani!"

Nderitu alifungua mdomo, lakini makofi yalishaanza. Gladwell alijifunga leso yake akatoka, nami nikaumia rohoni.

Tukatumia mbegu nyingine. Uchungu ukazidi, maziwa yakavutika kama makamasi. Hapo Nderitu akarudia hesabu. Safari hii hakuiuliza kompyuta nani yuko pamoja na nani, bali nani hutangulia: vya uchungu vikipanda leo, kesho kunatokea nini? Jibu lilimtoa mbio hadi kwa Gladwell, nami nyuma yake.

"Mama, vijidudu vyako vinafuata vile vya uchungu kuvifukuza! Uchungu ukipanda leo, vyako vinapanda kesho, halafu uchungu unashuka. Polisi pia wanapatikana penye mwizi, na si wao wameiba. Tunaomba hiyo mbegu irudi kwa tangi."

"Nilimwaga," Gladwell akasema. "Si mlisema nimwage?"

"Yote?"

"Na kibuyu nikaosha na maji moto."

Nderitu akaketi kwenye kigoda. Alisema pole, akarudia pole, na sikujua kama nimkemee au nimkumbatie. Gladwell ndiye aliyemhurumia, akammiminia chai.

"Kunywa, mwanangu. Wewe hukusema uongo, ni vile hukumalizia." Akaweka birika chini. "Mama mkwe wangu tulimzika na kanisa yote. Hii mara ya pili, nikimwaga mbegu yake, nilikuwa peke yangu."