Wafu wa Roccalenta Hawajui Namba

Kila tarehe ya kwanza ya Novemba, mkesha wa siku ya wafu, baada ya chakula cha mchana, Ersilia alikata mkate, akajaza maji kwenye ndoo ya shaba, akatandika shuka safi kitandani, kisha akauacha ufunguo kwenye tundu lake, upande wa nje wa mlango. Ndivyo walivyofanya mama yake na bibi yake. Jua lilipoanza kuzama, mumewe Onofrio alipanda kutoka makaburini, chini ya mji, akafungua na kuingia. Alikunywa maji kwanza, maana mlima wa Roccalenta ni mkali na magoti yake yalikuwa mabovu tangu akiwa hai. Kisha alikula mkate, akauliza habari za bomba la jikoni, akalala mpaka kengele ya alfajiri.

Mwaka mmoja hakuja peke yake. Nyuma yake alisimama Argia, aliyekuwa mwoka mikate wa mji, na nyuma ya Argia alikuwepo Settimio fundi viatu, na nyuma ya Settimio mtaa mzima.

"Shoga, samahani," alisema Argia. "Kwangu sioni ufunguo. Kuna kisanduku ukutani, kinataka namba."

"Namba gani?"

"Ningeijua ningekuja kukusumbua?"

"Ungekuja tu," alisema Settimio. "Umekufa wewe, mdomo wako bado."

Nyumba nyingine zote za mtaa zilikuwa zimegeuzwa za kulaza watalii, funguo zake zikifungiwa kwenye visanduku vya namba, na aliyebaki akiishi pale ni Ersilia peke yake. Baadhi ya namba alizijua, kwa sababu wageni walizisoma kwa sauti mbele ya milango, lakini kuwaambia wafu kusingesaidia. Wafu hawajifunzi jambo jipya. Wanajua kile walichokufa nacho. Aliwakaribisha wote. Mkate haukutosha, na Argia akampa Settimio kipande chake, akisema ameshiba.

Ulipoisha msimu wa baridi, mwanawe Fabrizio alikuja kumchukua.

"Mama, huku juu duka lililobaki ni la kuuza picha za mji. Siku ukianguka, nani atakuokota?"

"Baba yako."

"Baba yupo jioni moja tu kwa mwaka, Mama."

Hilo lilikuwa kweli. Ersilia alikubali kuhamia bondeni, kwenye ghorofa yenye lifti, akaomba jambo moja tu. Fabrizio angelaza wageni nyumbani siku zote atakazo, ila jioni ile ya Novemba asilaze mtu. Aache ufunguo mlangoni, upande wa nje. Fabrizio aliahidi. Kisha akambeba mamaye mgongoni mpaka kwenye gari, polepole, ili asimtikise.

Novemba ilipofika alipiga simu.

"Mama, nimeteleza. Nyumba ina watu. Ni watu wazuri, wametoka mbali, wana mtoto mchanga. Niwatoe kwenye baridi hii?"

Ersilia alimfikiria huyo mtoto. Akasema asiwatoe.

Alinunua mkate bondeni, akaufunga kwa kitambaa, akapanda basi. Siku za sikukuu lango la mji lilifunguliwa kwa waliokuja kutembezwa tu, kwa kuwa vichochoro ni vyembamba. Loredana, binti aliyewaongoza watalii kwa mwavuli wa njano, alimtambua kutoka mbali.

"Shangazi, sema uko na mimi." Akambandika alama ya kijani kwenye koti na kumvisha kidude cha kusikilizia sikioni, akakirekebisha vizuri kisimuumize.

Basi Ersilia akatembezwa mji wake. Aliambiwa kwamba chemchemi ya uwanjani ni ya kale sana. Aliambiwa kwamba watu wa hapa walikuwa wakarimu ajabu, wakiacha funguo zao milangoni. Watalii walitikisa vichwa kwa kupendezwa.

Mlangoni pake palikuwa na kisanduku. Ndani mwanamke aliimba kumbembeleza mtoto. Kwenye ngazi za nje walikaa wafu, mtaa mzima, wamebana magoti ili watu wapite. Watalii walipita katikati yao wakiomba radhi. Bibi mmoja mwenye kofia nyekundu alisogeza mkoba wake ili Settimio apate pa kukaa.

"Jioni watu walipenda kukaa hapa nje," alieleza Loredana.

Onofrio alikuwa ngazi ya juu kabisa. Ersilia akakaa kando yake.

"Ndani kuna watu," alisema Onofrio.

"Najua. Wana mtoto."

"Nimemsikia. Ana mapafu mazuri."

Alimkatia mkate. Onofrio akatafuna kwa muda mrefu.

"Una chumvi."

"Wa bondeni. Huko wanautia chumvi."

"Hebu nionjeshe," alisema Argia. "Lo! Aliyeoka huu kagombana na mumewe."

Maji Ersilia alikuwa amesahau. Bibi wa kofia nyekundu akawapa chupa yake, akaenda zake.

"Njoo kwangu," Ersilia alimwambia mumewe. "Kuna lifti. Hutapanda mlima."

"Lifti nitaijulia wapi, mke wangu?"

"Nitakushika mkono."

"Utanishika, lakini sitafika." Akafuta makombo gotini. "Mwakani maji yangu utayaweka wapi?"

Ersilia alimfunga kifungo cha juu cha koti, kile ambacho Onofrio hakukikumbuka maisha yake yote.

"Basi la mwisho, shangazi," aliita Loredana, akaja kumshika mkono.

Langoni Ersilia alirudisha kile kidude. Ndani ya basi, bibi wa kofia nyekundu alimwonyesha picha aliyopiga. Ilikuwa picha nzuri: ngazi za mawe, mwanga wa jioni, na ajuza amekaa peke yake, ananyoosha mkate kuelekea mahali pasipo na mtu.

"Mji mzuri sana," alisema yule bibi.

"Mzuri," alisema Ersilia.

Huko juu madirisha yote yaliwaka taa. Wafu walikaa nje mpaka kengele ya alfajiri, wamenyamaza kimya, ili mtoto asiamke.